Duara Ndani ya Televisheni

Wenzangu wa karakana, siku mliponiaga kwa soda na kofia isiyonitosha mliniomba niandike niliyoyaona kazini. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara msizitarajie, maana karakana yetu ilipoanza ilikuwa na watu wawili, mmoja ameshika bisibisi na mwingine tochi, na aliyeshika tochi ndiye aliyelaumiwa. Nitaeleza kazi ya kutengeneza mashine za gemu, kazi ambayo mke wangu kwa miaka yote aliwaambia ndugu zake kwamba ni "mambo ya umeme". Walidhani nafunga nguzo.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa Mama Shirin, Shinyanga mjini, mtaa wa nyuma ya stesheni. Mama Shirin alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa palepale, aliyeachiwa na marehemu mumewe duka la redio, pasi, balbu na chupa za chai. Kisukuma alikijua kunizidi mimi Msukuma. Alikuwa akigomba kwa Kigujarati ili wateja wasielewe, kisha akikusamehe kwa Kisukuma ili wasikie wote.

Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono. Fundi Luhende, aliyekuwa mkuu wangu, mzee wa redio mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Kijana, umekuja kazini au umekuja kuposa?"

"Nimekuja kazini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi futa zile redio."

Kabla ya saa nne shati lilikuwa na rangi ya udongo wa Shinyanga, na nikawa fundi.

Luhende alinifundisha mambo mawili ambayo yamenilisha maisha yangu yote. La kwanza, nusa mashine kabla ya kuifungua. Adapta iliyoungua, waya ulioyeyuka na mende aliyekaangwa kila kimoja kina harufu yake. La pili, muulize mwenye mashine alifanya nini. "Atakudanganya," alisema, "lakini utajua pa kuanzia." Miaka thelathini baadaye bado sijampata mteja aliyekiri kwamba alimwaga chai.

Mashine za gemu zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, zimechanganywa na chupa za chai, na maelezo yake yote kwa Kichina. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Luhende alisema ni video iliyosahauliwa mdomo. Tulipoichomeka kwenye televisheni ya dukani akatokea mtu mdogo ameshika sururu, amesimama juu ya ardhi, na chini yake udongo, mawe na vipande vya dhahabu. Luhende akabonyeza. Mtu akachimba kwenda chini, jiwe likamwangukia, akafa.

"Pole yake," akasema Luhende kwa sauti ya msibani.

Mtu yule akarudi, amesimama palepale juu.

"Amefufuka!" akasema mteja aliyekuja kununua balbu.

Luhende akaniwekea mkononi pedi, kile kidude cha vitufe, na kutangaza kuwa umri wake haumruhusu kuona mtu akifa na kufufuka kabla ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo mashine za gemu zikawa zangu.

Sasa ngoja niseme ya ufundi, ili msiseme nimewaandikia porojo tupu. Kila mtu Tanzania hii, kaseti ya gemu ikigoma, anaipuliza. Msipulize! Mate yanakula shaba. Chukua kifutio cha penseli, sugua meno ya kaseti taratibu, malizia na kitambaa chenye spiriti. Kwa Shinyanga mjue pia kwamba vumbi la pamba la msimu wa viwanda huingia ndani na kulala kama blanketi, halafu mashine inapata homa. Kitufe cha pedi kikichoka, karatasi ya fedha iliyomo kwenye pakiti ya sigara, ukikata kipande cha ukubwa wa punje ya mhindi na kukibandika chini ya mpira, kinaamka. Mimi sivuti, lakini kwa miaka ile niliokota pakiti nyingi kiasi kwamba mchungaji wetu alinifuata nyumbani kuniombea.

Nilicheza gemu zote zilizopita mezani kwangu, kwa sababu huwezi kurudisha mashine bila kuijaribu, na mimi nilijaribu kwa uaminifu mkubwa. Maoni ninayo. Gemu la ndege za vita sikulipenda. Ndege haiishiwi mafuta, na kwa mtu aliyeishi na jenereta hilo ni tusi. La mpira lilikuwa na kipa anayeruka upande uleule siku zote, na bado tulifungwa. La magari lilikuwa zuri ila muziki wake ulikuwa wa sekunde kumi unaojirudia, na hata leo nikiwa na homa huwa nausikia. Lakini gemu la yule mchimbaji lilikuwa jambo lingine. Lilikuwa na roho tatu, ukizimaliza unaanza steji ya kwanza. Hakukuwa na pa kuhifadhi ulipofika wala msaada wowote. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa gemu, na mengine yalikuwa picha zinazotembea.

Baada ya miaka miwili mitatu Mama Shirin alinituma nikafungue banda la gemu kwenye kambi ya wachimbaji wadogo, njia ya kwenda Geita. Nilipita Kagongwa juu ya magunia ya mpunga, televisheni nimeikumbatia mapajani, na kila gari liliporuka shimo nilijiambia bora livunjike goti. Banda lilikuwa la maturubai, na benchi mbili na jenereta moja yenye tabia za binadamu. Nilileta mashine nne, kila moja na televisheni yake. Ndani ya mwezi mmoja tatu zilikuwa zikicheza magari na mpira, na ya nne ilikuwa imechukuliwa na Shija na watu wake.

Shija alikuwa mkuu wa duara, yaani shimo lao la dhahabu. Mtu mrefu, mpole, mwenye kovu kichwani mahali jiwe lilipompitia. Alikuwa na wenzake watatu, na mwenye mikono mitulivu kuliko wote aliitwa Mabula. Siku ya kwanza walisimama mbele ya gemu la mchimbaji kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

"Fundi Nkwabi," Shija akaniita, "huyu anachimba bila matimba?"

Matimba ni magogo wanayoegemeza kuta za shimo zisianguke. Nikamjibu kuwa kwenye gemu hakuna matimba.

"Basi atakufa."

"Anakufa sana."

"Hapana," akasema Shija. "Akiwa na sisi hatakufa ovyo."

Wakaanza kucheza kama kikosi cha kazi. Mabula alishika pedi, mmoja alitazama mawe ya juu tu, mwingine alihesabu njia za kutokea, na Shija akatoa amri. Walikataa kabisa kuchimba chini ya jiwe. Kila walipopita waliacha nguzo za udongo, hata pale gemu lilipotaka ule kila kitu. Steji ambayo mimi niliimaliza kwa dakika mbili iliwachukua nusu saa, na mara moja walisimamisha gemu wakatoka nje kufanya kikao. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Kisha wiki ya tatu wakanipita, na sikucheka tena.

Kazi ngumu kuliko zote pale ililetwa na mganga wao. Kwa kuwa duara halisi halishukwi bila dawa, waliona si haki la televisheni kushukwa hivihivi. Nikiwa nimekwenda kununua petroli, mganga akanyunyizia mashine maji ya dawa. Nilirudi nikakuta inatoa moshi. Nikauliza, kama Luhende alivyonifundisha, nani amefanya nini. Wote wakasema hakuna. Nilinusa: majani, mizizi, na kitu kinachofanana na kuku. Nilifungua, nikaosha kwa spiriti, nikaanika juani, nikasugua meno yote kwa kifutio. Nilipowasha, huenda kuna mguso uliokaa vibaya, mtu wetu akaja na roho tisini na tisa badala ya tatu. Kambi nzima ikaimba. Mganga alipewa mbuzi. Mimi fundi nilipewa supu.

Lakini siku ya pili Shija alikuja amenuna.

"Turudishie tatu."

"Kwa nini? Tisini na tisa si ndiyo heri?"

"Mabula amekuwa mzembe. Jana ameingia chini ya jiwe anacheka. Akizoea hivi, kesho tutashuka naye kweli."

Nikairudishia tatu. Nikamuuliza wanatafuta nini hasa kwenye gemu hili, maana dhahabu yake haiuziki. Shija akakaa kwenye benchi.

"Nataka kuona mwisho wake. Nataka nijue kama huyu mtu anatoka."

Mwaka ule walikuwa wamemzika mwenzao mmoja.

Basi wakaendelea hivyo kwa miaka mitatu, na steji waliyokuwa wamefika mbali kabisa ni ya tisa.

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini Mama Shirin alikuja kambini mwenyewe, na dereva wake Bakari, na televisheni kubwa, na mashine mpya ya kutumia CD. Akaniambia kwa furaha kwamba gemu letu la mchimbaji limetengenezwa upya. Nikalitazama. Mtu wetu alikuwa amenenepa, ana kivuli, jasho linamtoka, na muziki ni wa vinanda vingi kama harusi ya mtu tajiri. Nasema kweli, lilikuwa zuri kupita maelezo. Lakini jiwe likimwangukia anainuka palepale alipofia na kuendelea. Kuna mshale unaomwonyesha dhahabu ilipo. Na anaongea! Kila baada ya hatua tatu anakueleza unachopaswa kufanya, kama mkwe aliyekuja kukaa mwezi mzima.

"Shikamoo mama," nilisema, "hili si gemu. Hili ni sinema inayoomba ruhusa."

"Marahaba. Watu watalipenda. Za zamani zote nazirudisha Shinyanga. Mezani nataka moja tu, na hiyo ndiyo."

Nilijua maana yake kwa Shija. Nikamwomba angalau aiache ile ya mchimbaji. Akakataa. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu, na natamani ungekuwa na kitasa. Nikamwambia tushindanishe Kisukuma, kama Bagika na Bagalu. Kwa asiyewajua, hivyo ni vyama viwili vya ngoma. Baada ya mavuno vinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na hakuna majaji. Watu hutembea. Palipojaa watu ndipo paliposhinda.

"Na sheria nyingine," nikaongeza, ili nionekane mjuzi, "kwetu, mwenye ngoma akiiacha ngoma yake akaenda kuangalia ya mwenzake, ameshindwa, hata kama watu wamejaa upande wake."

"Naijua," akasema Mama Shirin. "Nimezaliwa hapa. Ngoma yako ikishinda, inabaki."

Tulifanya Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa mpira. Goli hili tukafunga turubai la gemu la zamani, goli lile la gemu jipya, na jenereta mbili zikinguruma. Kwa jipya alikaa Bakari. Kwa la zamani alikaa Mabula, na Shija nyuma yake. Kambi nzima ilikuja, na walioniamkia "Mwangaluka, fundi" asubuhi ile waliniamkia kwa huruma, maana watu wote walikimbilia upande wa Bakari. Ile televisheni kubwa, ule muziki, dhahabu ikipasuka na kutoa cheche! Upande wetu walibaki watu saba na mbuzi.

Jua likapanda. Mchimbaji wa Bakari akaangukiwa, akainuka. Akaangukiwa tena, akainuka. Mama mmoja muuza maandazi akauliza kwa sauti:

"Huyu hafi?"

"Hafi, mama," akajibu Bakari kwa majivuno.

"Sasa tunamwogopea nini?"

Akajitwika beseni lake, akavuka uwanja. Wapenda maandazi wakamfuata, na waliowafuata hao wakakuta Mabula yuko steji ya nane na roho moja tu. Shija alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Acha nguzo. Acha nguzo hiyo. Subiri jiwe litulie." Nikaona wanaume wazima wameshikana mikono. Mchungaji wa kambi alikuwa amesimama juu ya ndoo. Steji ya tisa ikapita, na uwanja mzima ukawa upande wetu, hata Bakari, ambaye aliacha pedi chini na kuja mbio. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, siwafichi.

Tulikuwa tumeshinda. Kilichobaki ilikuwa kwenda kuzima ile jenereta ya upande wa pili, isiendelee kula petroli bure. Nilivuka uwanja peke yangu. Chini ya turubai televisheni kubwa ilikuwa inawaka, mtu mnene amesimama, anapumua, ananingoja. Nikasema nitacheza dakika mbili tu, kwa uchunguzi wa kifundi.

Ndugu zangu, lile gemu lilikuwa tamu. Mtu alikuwa anageuka laini, udongo unamomonyoka punje kwa punje, na ukipiga mwamba pedi inatetemeka mkononi mwako kama kitu chenye uhai. Sikuwahi kushika kitu cha namna ile. Nilitaka nione pango la mbele, kisha la mbele yake. Kutoka goli lile nikasikia kelele kubwa, watu wanalitaja jina la Mabula, na sikugeuza shingo.

"Nkwabi."

Mama Shirin alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ameifunga kifuani.

"Naam, mama."

"Pango la ngapi?"

"La tano."

"Nimesimama hapa tangu la pili. Ile sheria yako ya ngoma inasemaje?"

Nikaweka pedi chini. Yeye mwenyewe hakucheka wala hakugomba kwa lugha yoyote. Aliniambia tu kwamba hatamwambia mtu, na kwamba mashine ya zamani itaondoka naye kesho asubuhi.

Dakika hiyohiyo wakaja na Mabula wamembeba juu. Walikuwa wamefika steji ya kumi na mbili kabla ya jiwe kumkuta. Shija alinikumbatia, sauti imekauka.

"Fundi, tumeiona njia. Wiki ijayo tunamaliza. Asante kwa kututetea."

Nikamwambia karibu. Ndilo neno nililosema: karibu.

Jumatatu jioni walikuja wakakuta meza yao tupu. Nikasema imekwenda Shinyanga kwa matengenezo. "Jana si ilikuwa nzima?" akauliza Shija. Nikasema imechoka kwa sababu ya jua. Alinipa pole, yeye ananipa pole mimi! Kila wiki aliuliza kama imepona, nami nikasema bado, kuna kipuri kinasubiriwa. Gemu jipya alilijaribu mara moja kwa heshima. Uliponyooka mshale wa dhahabu, akarudisha pedi mezani. Mwaka uliofuata duara lao lilijaa maji, wakahama, na sikujua walikokwenda. Siku ya kuondoka alipitia bandani. "Ikipona, tafuta mtu atuletee habari," alisema.

Mashine haikuwa mgonjwa. Baadaye nilipoitwa kurudi Shinyanga, nilikwenda nyumbani kwa Mama Shirin kurekebisha antena, nikaikuta sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilimuuliza anaifanyia nini. Akaona haya kidogo, akasema huwa anacheza mchana duka likifungwa, na kwamba alikuwa amelimaliza gemu. Alitumia njia ya Shija ya kuacha nguzo, aliyoikariri siku ile, naye akiwa ameiacha ngoma yake, kabla hajavuka uwanja kunitafuta. Nikamuuliza mwisho wake ni nini, akaniambia.

Mkiniuliza gemu gani ni bora, la zamani au lililotengenezwa upya, mdomo wangu utasema la zamani, na miguu yangu mmeshaisikia. Lakini sikuandika yote haya kwa ajili hiyo. Kati yenu kuna wanaosafiri kwenye machimbo kutengeneza mashine. Mkikutana na mzee mrefu mwenye kovu kichwani anayeitwa Shija, msomeeni ukurasa huu, mwambieni mimi ndiye niliyeipoteza mashine yake, si Mama Shirin. Mwambieni baada ya steji ya mwisho muziki unanyamaza, inatokea ngazi, na yule mtu anapanda polepole mpaka juu. Anatoka, Shija. Anatoka mzima.